Kurekodi joto na unyevu wa hewa nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza ni wakulima, wafugaji wa nyuki, walimu wa jiografia, watunza maghala, na watu wanaotaka tu kujua usiku ulipoa kiasi gani wakiwa wamelala. Majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja: kipimajoto hupima joto lake chenyewe. Ni kazi yako wewe uliyekitundika kuhakikisha joto hilo ndilo la hewa.

Kipimajoto ninacho. Kirekodi kinaniongezea nini?

Kumbukumbu. Kipimajoto kinakuambia hali ya sasa hivi, na ukigeuka umesahau. Kirekodi kinaandika kila kipimo pamoja na saa yake, hata saa tisa usiku ambapo hakuna mtu wa kukisoma. Ndani yake kuna kihisi (sehemu inayopima), saa, kumbukumbu na betri, basi.

Kazi hii ilifanyika miaka mingi bila umeme. Katika themohaigrografu, kirekodi cha zamani cha joto na unyevu, utepe wa metali mbili zilizogandanishwa hujikunja kadiri joto linavyobadilika, shungi la nywele hurefuka na kufupika kadiri unyevu unavyobadilika, na kila kimoja husukuma kalamu yenye wino. Kalamu huchora kwenye karatasi iliyozungushiwa silinda inayoendeshwa na saa ya kukaza kwa ufunguo. Silinda huzunguka mara moja kwa siku au kwa wiki, kisha mtu anabadilisha karatasi. Ukiwahi kuona moja ikifanya kazi utaelewa kwa nini wazee wa vituo vya hali ya hewa hawazitupi: mstari mmoja unakuonyesha wiki nzima kwa mtupo mmoja wa jicho.

Kati ya hivi viwili kuna kipimajoto cha juu na chini, ule mrija wenye umbo la U uliobuniwa na James Six karibu mwaka 1780. Zebaki husukuma vijiti viwili vidogo vinavyobaki pale ilipofikia mwisho. Utajua joto la juu kabisa na la chini kabisa, ila saa yake hutaijua.

Mbona kifaa changu kinasoma nyuzi 38 wakati taarifa ya hali ya hewa inasema 33?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi kifaa hakina kosa. Kimekaa juani.

Kitu chochote kilichopigwa na jua hunyonya mionzi na kuwa cha moto kuliko hewa inayokizunguka. Boksi jeusi la plastiki hupata moto zaidi, jeupe kidogo kuliko hilo, lakini hata jeupe halisalimiki. Joto halitoki kwenye jua moja kwa moja tu. Saruji, bati na ardhi tupu navyo hurudisha mionzi kutoka chini, na ukuta uliokula jua mchana kutwa huendelea kutoa joto mpaka usiku. Kwa hiyo kifaa kilichopigiliwa ukutani kitakudanganya mara mbili: mchana kitapandisha, na jioni kitachelewa kushuka.

Usiku kosa linaweza kugeuka. Kukiwa hakuna mawingu wala upepo, kifaa kilichoachwa wazi hupoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa. Ndiyo maana asubuhi unakuta umande juu ya boneti ya gari na vile vile juu ya kifaa chako.

Vituo rasmi huepuka haya kwa kuweka vipimajoto ndani ya kibanda cheupe chenye kuta za luva (vibao vya mshazari vinavyoachana mianya), juu ya nyasi fupi, mbali na majengo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka kihisi kiwe kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Ukilinganisha kifaa kilicho kwenye kibaraza na kituo kilichopangwa hivyo, unalinganisha sehemu mbili tofauti. Kabla ya kununua kifaa kingine, hamisha hicho ulicho nacho.

Je, nikikiweka chini ya mti au barazani?

Afadhali kuliko juani, lakini utapata joto la chini ya mti. Majani hutoa mvuke, kwa hiyo mchana unyevu utakuwa juu na joto litakuwa chini kuliko uwanjani. Usiku majani huzuia joto lisipotee angani. Kama unachotaka kujua ni hali ya kitalu kilicho chini ya mti huo, basi hapo ndipo mahali pake hasa. Barazani shida ni hewa kutuama na joto la nyumba linalopenya ukutani.

Kibanda chenyewe kikoje, na naweza kujitengenezea?

Kibanda kinachotumika duniani kote kinaitwa kwa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti aliyekibuni katika miaka ya 1860. (Mwanawe Robert Louis alikwenda njia nyingine, akawa mwandishi wa riwaya.) Ni sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeupe, kuta zake ni luva za safu mbili ili hewa ipite lakini jua na mvua visipite, na paa lake ni la matabaka mawili yenye nafasi katikati. Mlango huelekea upande ambao jua halitaingia unapofungua kusoma: kaskazini kwa walio kaskazini mwa ikweta, kusini kwa walio kusini. Karibu na ikweta jua huhama upande kulingana na miezi, kwa hiyo wengine huweka milango miwili.

Kwa kirekodi kidogo huhitaji sanduku kubwa hivyo. Kuna kinga ndogo za sahani nyeupe zilizopangwa moja juu ya nyingine kama bakuli zilizofudikizwa, kihisi kikiwa katikati. Unaweza kujitengenezea kwa visahani vya plastiki vya kuwekea vyungu vya maua: toboa tundu katikati ya visahani vyote isipokuwa viwili vya juu, vipange kwa bolti ndefu ukiacha nafasi ya sentimita moja na nusu hivi kati ya kimoja na kingine, kisha upake rangi nyeupe nje. Hakikisha plastiki haipitishi mwanga. Inua kisahani kuelekea jua. Ukiona mwanga unapenya, mionzi nayo inapenya. Na rangi ikauke kabisa, hata wiki nzima, kabla hujaingiza kihisi cha unyevu, maana mvuke wa rangi hukiharibu.

Kinga hizi zina udhaifu mmoja: zinategemea upepo. Siku yenye jua kali na hewa iliyotulia, hata kinga nzuri inaweza kusoma nyuzi 2 juu ya hewa halisi. Dawa yake ni feni ndogo inayovuta hewa kupita kwenye kihisi muda wote. Feni hula umeme na hatimaye hufa, lakini pasipo upepo hakuna njia bora zaidi.

Tazama ndani ya kinga kila mwezi. Buibui hufunga mianya, nyigu hujenga, na mjusi akilala juu ya kihisi utakuwa na rekodi nzuri sana ya joto la mjusi.

Unyevu wa asilimia 60 maana yake nini hasa?

Si kwamba asilimia 60 ya hewa ni maji. Maana yake hewa ina asilimia 60 ya mvuke ambao ungeweza kuwemo kwa joto hilo kabla ya kuanza kugeuka umande. Neno la kushika hapo ni "kwa joto hilo", kwa sababu kikomo chenyewe hupanda haraka joto likipanda.

Chukua asubuhi ya nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 90. Mchana joto likifika nyuzi 30, mvuke ukiwa ule ule bila kuongezeka wala kupungua, kifaa kitasoma asilimia 50 tu. Hakuna kilichokauka. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama hewa imebeba maji mengi kuliko jana asilinganishe asilimia. Alinganishe kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikipozwa mpaka hapo umande huanza kutua. Katika mfano huu ni karibu nyuzi 18.3 asubuhi na mchana pia. Programu nyingi za virekodi hukokotoa namba hii zenyewe, iwashe.

Hapo pia ndipo kosa la joto linapozaa kosa la unyevu. Tuseme hewa ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Kihisi kilichopashwa na jua mpaka nyuzi 33 kitaonyesha asilimia 51, nacho kiko sahihi kabisa kwa joto lake. Watu hurudisha vifaa dukani kwa sababu hii.

Ni kweli kwamba unyevu ulikuwa ukipimwa kwa nywele za binadamu?

Kweli, na bado upo unaopimwa hivyo. Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alieleza haigromita (kipimaunyevu) yake ya unywele mwaka 1783. Unywele ulioondolewa mafuta hurefuka kwa karibu asilimia 2 hadi 2.5 hewa inapotoka ukavu kabisa hadi kujaa mvuke, na wenzo mdogo hukuza mwendo huo mpaka kwenye kalamu. Urefukaji hauendi sawasawa: unyevu ukiwa chini hurefuka sana, ukiwa juu kidogo, ndiyo maana mistari ya karatasi zake haikuachana kwa nafasi sawa katika vifaa vya zamani visivyo na marekebisho. Usiushike kwa vidole. Mafuta ya mkono huuharibu. Ukikaa muda mrefu kwenye hewa kavu husoma vibaya mpaka uloweshwe upya, na vituo vilikuwa na brashi laini na maji safi kwa kazi hiyo.

Balbu kavu na balbu nyevu bado zina kazi wakati huu wa vihisi vya kielektroniki?

Zina kazi kubwa, hasa ya kuhakiki vingine. Vipimajoto viwili vinavyofanana, kimoja kimevishwa utambi wa pamba uliolowa. Maji yakivukiza hupoza balbu. Hewa ikiwa kavu tofauti huwa kubwa, ikiwa imejaa mvuke vyote husoma sawa. Balbu kavu ikisoma 30 na nyevu 25, unyevu ni karibu asilimia 67.

Masharti yake hayana huruma. Utambi uwe safi, maji yawe yaliyotoneshwa au ya mvua safi kwa sababu chumvi ya maji ya bomba huganda kwenye utambi, na hewa iwe inapita. Richard Assmann wa Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, alitatua suala la hewa kwa kuweka feni inayoivuta kupita kwenye balbu zote mbili ndani ya mirija ya metali inayong'aa. Kifaa cha mkono chenye balbu hizo mbili huzungushwa hewani: zungusha, soma balbu nyevu kwanza, rudia mpaka isishuke tena.

Angalia pia jedwali lako limeandikwa kwa kanieneo (mgandamizo wa hewa) gani. Balbu zikisoma 30 na 20, usawa wa bahari unapata karibu asilimia 39, lakini kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 jibu ni kama 43.

Namba za usahihi kwenye boksi zinasemaje?

Vihisi vingi vya leo vya unyevu ni tabaka jembamba la polima linalonyonya mvuke. Likinyonya, uwezo wake wa kushika chaji hubadilika, nao ndio unaopimwa. Vihisi vya bei ndogo vinavyotumiwa na wanaojitengenezea ni kama DHT11, ambayo hukosea kwa asilimia 5 hivi za unyevu na nyuzi 2 za joto. Kwa nje sikushauri. DHT22 hutajwa kwa nyuzi 0.5 na asilimia 2 hadi 5. SHT31 hutajwa kwa asilimia 2, na joto lake liko karibu zaidi na ukweli.

Sasa soma kwa makini. Namba hizo ni za kihisi kipya, ndani ya maabara, kati ya viwango fulani; karibu na asilimia 100 kosa huongezeka. Wala usichanganye usahihi na idadi ya desimali. Kioo kinachoandika 27.43 hakijui lolote kuhusu hizo 0.03.

Mimi ningechukua kihisi cha kawaida ndani ya kinga nzuri, nikaacha kihisi ghali kilichopigiliwa ukutani.

Kifaa changu kimeng'ang'ania asilimia 100 tangu alfajiri.

Maji yametua juu ya kihisi au kwenye kichujio chake. Ukungu ukishaondoka, hewa inakauka lakini kichujio bado kimelowa, na kihisi kinapima hewa ya ndani ya kichujio. Mara nyingi hujirekebisha baada ya saa chache. Ikiwa kila siku ni hivyo mpaka adhuhuri, kinga yako haipitishi hewa vya kutosha au kichujio kimejaa vumbi.

Ikiwa hakishuki kamwe, au kinasoma 104, kihisi kimechafuka au kimezeeka. Baadhi ya watengenezaji hutoa utaratibu wa kukikausha kwenye joto kisha kukirudishia unyevu. Fuata maelekezo ya kihisi chako hasa, kwa sababu boksi na betri havivumilii joto ambalo kihisi kitupu kinavumilia. Dawa za kupulizia mimea, gundi, spiriti na rangi ndivyo adui wakubwa.

Boksi likiandikwa IP67 si ndiyo haliingii maji?

Boksi, ndiyo: tarakimu ya 6 ni vumbi, 7 ni kuzamishwa majini hadi mita 1 kwa dakika 30. Lakini kihisi cha unyevu hakiwezi kufungwa, maana ni lazima kipumue. Hukaa nje ya boksi nyuma ya kichujio kinachopitisha mvuke na kuzuia matone. Kwa hiyo alama hiyo haikuondolei haja ya kinga. Pitisha waya upande wa chini, na uulegeze kidogo kabla ya kuingia ili matone yadondoke badala ya kuufuata waya ndani.

Nirekodi kila baada ya muda gani?

Kila dakika 10 inatosha kwa shughuli nyingi. Hiyo ni mara 144 kwa siku, kwa hiyo kumbukumbu ya vipimo 16,000 inadumu siku 111. Ukirekodi kila dakika, siku 11 tu imejaa. Kumbuka baadhi ya vifaa huhesabu joto na unyevu kama vipimo viwili, basi gawa kwa mbili. Kila saa ni mbali mno kama unatafuta joto la chini kabisa la alfajiri, kwani linaweza kupita katikati.

Angalia pia kifaa hufanya nini kumbukumbu ikijaa. Vingine husimama, vingine hufuta vya zamani. Chaguo hili hujificha ndani ya mipangilio, na wengi huligundua siku wanayokwenda kuchukua data.

Kinachotuma kwa redio au kinachohifadhi ndani?

Chagua kinachofanya yote mawili. Kinachotuma tu, bila kuhifadhi, kitakuachia pengo kila mtandao unapokatika, na mtandao hupenda kukatika wakati wa dhoruba, saa ile ile unayoitaka data.

Betri?

Za lithiamu kama kifaa kinaziruhusu, hasa penye baridi kali. Za alkali huvuja zikisahaulika. Badilisha kwa tarehe, usingoje zife.

Nitajuaje kifaa changu hakidanganyi?

Kwa unyevu, tumia chumvi. Weka chumvi ya kawaida kwenye kizibo, itilie maji kidogo mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isiyeyuke yote. Kiweke kizibo pamoja na kifaa ndani ya chombo kinachofunga kabisa, kifaa kisiguse chumvi, mahali ambapo joto halibadiliki. Acha usiku kucha. Hewa ya mle ndani hutulia kwenye asilimia 75, na haibadiliki sana kati ya nyuzi 10 na 30. Kifaa kikisoma 79, kimezidisha 4 hapo. Chumvi ya magnesi kloridi hutoa karibu asilimia 33, nayo inakupa nukta ya pili. Nukta mbili ni bora mara nyingi kuliko moja, kwa sababu kifaa kinaweza kuwa sawa juu na kikapotea chini.

Kwa joto, kama kihisi kiko kwenye waya usioingiza maji, kizamishe kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri dakika kadhaa: nyuzi 0. Ponda barafu vizuri. Vipande vikubwa vinavyoelea juu ya maji mengi huacha maji ya chini yakiwa na nyuzi kadhaa.

Rudia kila mwaka na uandike matokeo hata yakiwa mazuri.

Je, wastani wa siku ni joto la juu na la chini kugawa kwa mbili?

Ndivyo ulivyokokotolewa muda mrefu, kwa kuwa vipimajoto vya juu na chini havikutoa kingine. Wastani wa vipimo vyote vya siku hutoa jibu tofauti kidogo, kwa sababu siku haikai nusu kwenye joto na nusu kwenye baridi. Tumia njia yoyote, ila usizichanganye kwenye jedwali moja.

Zebaki bado inaruhusiwa?

Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, ulilenga mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza vipimajoto vya zebaki visivyo vya kielektroniki, isipokuwa kwa matumizi machache. Kikipasuka ulicho nacho, usifagie wala kutumia mashine ya kuvuta vumbi. Kwenye baridi kali haifai hata hivyo: huganda kwenye nyuzi 39 hivi chini ya sifuri.

Kosa la kusoma linaweza kuwa kubwa kiasi gani?

Kubwa la kuingia kwenye vitabu. Tarehe 13 Septemba 1922 huko El Azizia, Libya, iliandikwa nyuzi 58, ikashika nafasi ya joto la juu kuliko yote duniani kwa miaka 90. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta. Wachunguzi waliona kuwa kilichotumika kilikuwa kipimajoto cha aina ile ya Six, kisichofaa kazi hiyo, na kwamba huenda msomaji mgeni alisoma ncha isiyo sahihi ya kijiti. Kijiti kifupi tu. Tangu hapo nafasi ilirudi kwa nyuzi 56.7 za Death Valley, Marekani, za Julai 1913.

Nikibadilisha kifaa, rekodi za zamani nizifanyeje?

Usizitupe, na usiziunganishe kwa kunyamaza. Weka kifaa kipya kando ya cha zamani, ndani ya kinga ile ile, wiki kadhaa zikiwa na siku za jua na za mvua, uone tofauti yao ni ngapi. Fanya vivyo hivyo ukihamisha mahali. Kisha andika kwenye daftari: tarehe, kifaa, urefu kutoka ardhini, kilicho karibu, mti uliokatwa, ukuta uliojengwa, rangi iliyorudiwa. Saa ya kirekodi nayo iandikwe kila unapopakua data pamoja na saa sahihi ya wakati huo. Ikipotea sekunde 2 kwa siku, baada ya mwezi ni dakika nzima, na baada ya mwaka kilele chako cha mchana kitakuwa kimehama kwa dakika 12.